Wazee Hawakualikwa Kutazamwa



Kila mwaka, ifikapo tarehe 1 Oktoba, mahali pengi katika Tanzania na nchi za jirani watu hufanya sikukuu ya wazee. Siku hiyo iliamriwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 14 Desemba 1990, nayo ikafanywa mara ya kwanza mwaka 1991. Nia yake ni njema, wala sikushika kalamu ili niipinge. Napinga namna tunavyoifanya, na namna tunavyozifanya karamu nyingine za wazee, ziwe za kijiji, za shule, za chama au za kanisa. Neno langu ni hili: karamu ambayo mzee hana kazi ndani yake, wala shauri lake halitakiwi, si karamu ya wazee. Ni karamu ya vijana iliyopambwa kwa wazee.

Haya, na tuitazame inavyokuwa. Wazee huambiwa wafike saa mbili asubuhi, nao hufika, maana wao hawakuzoea kuchelewa. Mgeni wa heshima hufika saa sita. Katika saa nne hizo wazee huketi juu ya viti vya plastiki, na jua likizunguka kivuli cha turubai huwakimbia. Kipaza sauti chapiga kelele hata mtu asiweze kumwuliza mwenziwe habari za wajukuu. Kisha huja hotuba: ya mwenyekiti, ya mtendaji, ya mfadhili, ya mgeni. Kila mmoja asema kwamba wazee ni hazina, wala hapana hata mmoja aifunguaye hazina hiyo aone kilichomo. Vijana wacheza ngoma. Bibi mmoja aombwa ainuke acheze kidogo, ili watu wacheke. Mwishoni hupangwa mstari, kila mzee apewe kilo ya sukari na mche wa sabuni, naye auinue mche ule mpaka picha ipigwe. Wageni hula kwanza. Wali huwafikia wazee umekwisha poa, na nyama ni ngumu kwa mtu asiye na meno. Jioni warudi kwao, na hata Oktoba ya pili hapana abishaye hodi.

Je, ni nani aliyefaidi karamu hiyo? Mgeni alipata kusifiwa. Mfadhili alipata picha. Kamati ilipata taarifa ya kupeleka wilayani. Mzee alipata sukari, nayo itakwisha kabla ya mwezi kuandama. Simdharau atoaye sukari, maana nyumba nyingine sukari ni neno kubwa. Lakini nasema kwamba kumpa mtu sukari ni jambo moja, na kumheshimu ni jambo jingine, wala la kwanza halilipi deni la pili.

Pengine mtasema, Mwalimu huyu ataka mambo mapya. Sivyo, nataka ya zamani. Mfano mmoja uko mbali, nao una mafundisho. Mwaka 1947, katika kijiji cha Nomadani, jimbo la Hyogo, nchi ya Japani, mkuu wa kijiji aliwaita wazee karamuni tarehe 15 Septemba. Alichagua wakati huo kwa sababu kazi za mashamba zilikuwa zimepungua na hewa ilikuwa njema. Vita vikuu vilikuwa vimekwisha miaka 2 tu kabla yake, naye alitaka wazee waheshimiwe na busara yao iazimwe, ili kijiji kijengwe. Vijiji vingine vikafuata, na mwaka 1966 siku hiyo ikawa sikukuu ya taifa zima.

Sasa angalieni yaliyofuata. Tangu mwaka 1963 serikali ya Japani ilianza kumpa kikombe cha fedha kila aliyetimiza miaka 100. Mwaka huo wa kwanza walikuwa watu 153. Wakaongezeka mno, hata mwaka 2016 serikali, ili ipunguze gharama, ikaacha vikombe vya fedha tupu, ikatoa vilivyopakwa fedha juu. Tena tangu mwaka 2003 sikukuu yenyewe ilihamishiwa Jumatatu ya tatu ya Septemba, ili watu wapate mapumziko marefu. Siwacheki Wajapani, maana wametunza wazee wao kuliko mataifa mengi. Lakini kijiji kile kiliwaita wazee ili kiazime kitu kwao, na taifa likawaita ili liwape kitu. Ukitaka kuazima huna budi kuketi na kusikiliza. Ukitaka kutoa tu, mkono watosha, na macho yaweza kutazama penginepo. Sisi tumeiga kikombe, tukaacha kuazima.

Mfano wa pili u karibu. Wamasai wanayo sherehe iitwayo Olng'esherr, ambayo kwayo rika la morani huacha umorani na kuingia katika uzee. Mwaka 2018 UNESCO iliiandika, pamoja na sherehe mbili za kabla yake, Enkipaata na Eunoto, katika orodha ya mambo ya urithi yapasayo kulindwa upesi. Hapo nyama huliwa, na watu hufurahi kama katika karamu yo yote. Lakini mtu atokaye katika karamu ile hutoka na kazi: amekuwa mzee, atatakiwa shauri, ataamua ya nyumba yake. Karamu imempa mahali pa kusimama. Ya kwetu humpa kiti cha plastiki.

Tena neno hili si la adabu tu. Ni la uhai. Katika nchi ya Usukuma na jirani zake, mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Geita na Tabora, tangu miaka ya 1970 vikongwe wengi, hasa wanawake, waliuawa kwa kushukiwa kuwa wachawi. Mara nyingi ushahidi ulioletwa ulikuwa macho mekundu. Macho yale yaliiva kwa moshi wa jiko, kwa kuwapikia watoto na wajukuu miaka hamsini. Najua ziko sababu nyingine: tamaa ya mashamba, ugonjwa usiojulikana, maneno ya wapiga ramli. Lakini uvumi huo wahitaji mahali pa kuota, nao huota vizuri katika nyumba isiyoingiwa na mtu. Bibi ambaye watoto wote wa kitongoji wameketi miguuni pake wakasikiliza hadithi, ambaye mama zao wamemwuliza dawa ya kikohozi na majira ya kupanda, si rahisi kuitwa mchawi. Yule aliye peke yake, aonekanaye mara moja kwa mwaka chini ya turubai akiinua sabuni, ni mgeni kijijini pake mwenyewe, na watu humwogopa wasiyemjua.

Najua majibu yatakayoletwa. Wa kwanza atasema, “Wazee wamechoka, waacheni wapumzike.” Namjibu: Umewauliza? Mkalishe mzee mbele ya bao, lenye mashimo 32 na kete 64, umpe kijana wa shule ashindane naye, nawe utaona ni nani atakayechoka kwanza. Mwili wa mzee huchoka kubeba maji na kulima, lakini akili yake haikuomba likizo. Nasi twafanya kinyume, maana bibi wengi huachiwa kulea wajukuu, kuteka maji na kulima, wala hapo hatusemi kwamba wamechoka. Uchovu wao twaukumbuka siku ya kutafuta shauri.

Wa pili atasema, “Wazee wanahitaji fedha na dawa, si michezo.” Ni kweli wanahitaji fedha na dawa. Zanzibar ilianza mwezi wa Aprili 2016 kumpa kila mzee aliyefikia miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka hazina ya serikali, na jambo hilo lastahili kusifiwa na kuigwa. Lakini fedha haizungumzi na mtu jioni. Na kwa habari ya dawa, mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kwamba upweke wahusiana na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka duniani. Basi kuketi pamoja si anasa ya kungojea mpaka dawa zipatikane; nako ni sehemu ya afya.

Wa tatu atasema, “Hatuna mali.” Huyo ndiye nimshangaaye zaidi. Mzee afapo, mali huonekana. Daftari la mchango hupita nyumba kwa nyumba, ng'ombe huchinjwa, gari hukodiwa, ndugu hutoka Dar es Salaam na Nairobi, na mbele ya jeneza husomwa maneno mazuri ambayo marehemu hakuyasikia hata siku moja. Aliyekaa miaka mitano bila kuonja nyama achinjiwa fahali siku asiyoweza kula. Sisemi tusizike kwa heshima. Nasema kwamba robo ya mali ile, na robo ya maneno yale, zingetosha kumfurahisha mwaka mzima akiwa hai. Kwa hiyo tusiseme hatuna. Tuseme twangojea afe.

Sasa nitasema yanayowezekana, maana kulaumu bila kuonyesha njia ni kazi rahisi.

Kwanza, siku ya karamu na ichaguliwe na wazee wenyewe. Mahali pengine mwezi wa Oktoba watu wanatayarisha mashamba na kungojea mvua. Sikukuu ya dunia iwepo, lakini kijiji kiwe na siku yake baada ya mavuno, ghala zikiwa na kitu. Ianze asubuhi na mapema, iishe kabla ya jua kali, na aliyechelewa, hata akiwa mgeni wa heshima, aikute imeendelea.

Pili, wasioweza kutembea wafuatwe. Kamati isihesabu waliofika. Ihesabu waliobaki nyumbani. Pikipiki za vijana, mikokoteni ya ng'ombe, na vitanda vya kamba ambavyo baba zetu walibebea wagonjwa, vyote vipo. Choo kiwe karibu. Chakula kiwe laini, na wazee wale kwanza.

Tatu, hotuba ziwe za wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yawataja wazee kuwa hazina. Basi hazina na ifunguliwe. Mzee wa miaka 75 leo alikuwa kijana wakati watu walipohamishwa katika Operesheni Vijiji, miaka ya 1970. Ajua shamba lipi lilikuwa la nani, mpaka ulipita wapi, kisima kipi hakikukauka mwaka wa ukame. Kesi ngapi za mipaka zapelekwa barazani na watu ambao hawajamwuliza? Wengine walikwenda vita vya Kagera, miaka ya 1978 na 1979. Wengine walijifunza kusoma wakiwa watu wazima, na wengine waliwafundisha. Wanafunzi wa darasa la sita na la saba waketi na daftari, kila wawili na mzee mmoja, waulize na kuandika, na daftari zile zikae shuleni. Kazi hiyo haitaki mfadhili, yataka penseli.

Nne, wazee wawe waamuzi. Pakiwa na mashindano ya ngoma, ya kusuka mikeka, ya kupika au ya bao, wao ndio watoe hukumu na sababu zake mbele ya watu, na kijana aliyeshindwa aambiwe na bibi alipokosea. Kipaza sauti kizimwe wakati wa mazungumzo, ili wenziwe wa ujana, ambao pengine hawajaonana tangu masika, wapate kukumbushana mambo yao na kucheka kwa habari zao, si kuchekwa.

Tano, karamu iwe na ndugu zake. Siku moja katika mwezi, chini ya mwembe au katika chumba cha shule, wazee wakutane kwa uji na bao na habari, na vijana wawili kwa zamu wawahudumie. Karamu ya mwaka isiyo na mikutano hiyo ni kama mvua ya siku moja. Hutimua vumbi wala haioteshi kitu.

Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilikuta katika Tanzania watu wapatao milioni 2 na nusu wenye miaka 60 na zaidi. Hao si kikundi cha kutazamwa, bali ni shule kubwa iliyofungwa milango. Wazee wetu walisema, “Penye wazee haliharibiki neno.” Hawakusema, “Penye picha za wazee.”

Basi, ninyi wenyeviti, walimu, na akina mama wa vikundi, mnapoketi mwaka huu kupanga sikukuu, fanyeni jambo moja kabla ya kuandika bei ya mchele na ya turubai. Mwendeeni mzee mmoja nyumbani kwake, mpeni shikamoo yake, keteni, mkamwulize: “Babu, wewe wataka siku hii iweje?” Kisha ngojeni jibu, hata kama lachelewa kutoka, mkaliandike juu kabisa ya karatasi.