Miguu Iliyozoea Kuketi

Mazoezi yakitajwa wengi wetu huwafikiria vijana wa mpira. Leo tunapenda kuzungumza na wanaoketi: fundi cherehani, karani, dereva, mama wa dukani, na yule babu ambaye watoto wake, kwa kumpenda mno, wamemkataza hata kuchota ndoo ya maji.

Shauri linalosikika kila mahali ni moja: “Tembea.” Ni shauri jema kwa moyo na kwa kisukari. Lakini kwa maoni yetu kutembea peke yake hakutoshi kwa miguu iliyozoea kuketi. Mguu una kazi zaidi ya moja, na mwili hujifunza kile unachofundishwa.

Chukua mfano wa kuketi na kuinuka kwenye kiti bila kujishika. Hapo hufanya kazi misuli ya mapaja na makalio, ile ile inayotuinua tunapokuwa tumepiga magoti. Mtu aliyekaa miaka bila mazoezi huona nafuu upesi, pengine katika majuma machache, hata kabla misuli haijanenepa, kwa sababu mishipa ya fahamu imejifunza kuiamsha. Hata hivyo, mwenye mapaja yenye nguvu aweza bado kuyumba akisimama kwa mguu mmoja kuvaa suruali. Kusimama imara hutegemea macho, sikio la ndani, na habari zinazotoka katika nyayo na viungo kwenda ubongoni. Hilo nalo lina zoezi lake: simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, ukihesabu polepole hadi kumi, kisha badili mguu.

Kuruka ni jambo la tatu. Kunataka nguvu itoke kwa haraka, na wepesi huo ndio unaotuponyoka mapema zaidi umri unaposogea. Mzee atauliza, “Niruke niende wapi?” Swali zuri! Lakini ukijikwaa kwenye jiwe, mguu wa pili hauna budi kutangulia mbele upesi ukudake. Ukichelewa, unaanguka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na wengi wao ni wazee.

Kwamba mambo haya hufundishika hata uzeeni, tunao ushahidi. Huko New Zealand, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Otago walitunga mazoezi ya nyumbani kwa wazee: kuimarisha miguu kwa vizito vidogo vinavyofungwa vifundoni, kujizoeza kusimama bila kuyumba, na kutembea. Majaribio yao yalipojumlishwa mwaka 2002, ilionekana kuanguka kulipungua kwa asilimia 35 hivi. Tuangalie vizuri: kutembea kulikuwamo, lakini hakukuwa peke yake.

Tunachokipinga ni pupa. Baba aliyeketi miaka kumi anaingia siku ya michezo ya jumuiya, anaruka na vijana, jioni analetwa nyumbani kano ya kisigino imekatika. Aanze na kiti, mara kumi, siku mbili au tatu kwa juma. Aongeze kuinuka kwa ncha za vidole, na kusimama kwa mguu mmoja. Baada ya miezi miwili hivi, kama magoti hayaumi, ajaribu kuruka kidogo papo hapo, akitua kwa magoti yaliyokunjwa.

Bibi mwenye mifupa dhaifu aache kuruka. Yeye ainuke kitini kwa haraka na kuketi polepole, mjukuu akiwa karibu. Na mwenye kizunguzungu, au aliyekwisha kuanguka mara mbili mwaka huu, amwone daktari kwanza, akiwa amechukua dawa zote anazomeza, maana nyingine ndizo zinazomwangusha.