Kikohozi cha mgodini nacho kihesabiwe



Mwezi wa Oktoba 2024, kule Panzi, jimbo la Kwango, watu walianza kushikwa na homa, kikohozi na mafua. Waliokufa, wengi walikuwa watoto wadogo. Wakubwa wa Kinshasa walipata habari mwisho wa Novemba. Barabara mbaya, mvua inanyesha, na laboratori ya karibu iko Kikwit, zaidi ya kilometa 500. Dunia nzima ikasema ni ugonjwa usiojulikana. Kumbe ilikuwa malaria na virusi vya mafua vya kawaida, ndani ya miili iliyolegea kwa njaa. Kilichokosekana kule ni hesabu ya mapema.

Sisi wa Kolwezi, Likasi na Fungurume tuko na barabara, tuko na hospitali. Lakini tuko na kizuizi kingine: woga. Mtu anakohoa ndani ya bisi iliyojaa, madirisha yamefungwa, anasema, "Ni vumbi tu, itapita. Nikienda kwa munganga, kapita atanikata siku." Jioni anapeleka virusi nyumbani, kwa mtoto na kwa mzee.

Tutenganishe mambo. Kikohozi cha vumbi kinakuja polepole, miaka na miaka, kwa kawaida bila homa. Kikohozi pamoja na homa ya digri 38, iliyoanza ndani ya siku kumi, hicho ndicho wanganga wanakihesabu kila wiki. Hesabu inatoka dispensari, inaenda zoni ya afya, kisha jimboni, kisha Kinshasa. Kwa wagonjwa wengine wanapitisha kipamba puani, kinatumwa ndani ya baridi mpaka INRB, ili kijulikane ni kirusi gani. Wagonjwa watatu wiki iliyopita si kitu. Wakifika ishirini wiki hii, hapo kuna jambo, na lazima watu waambiwe mbele ya vifo.

Lakini hesabu haiwezi kuwa ya kweli kama mgonjwa anajificha. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inasema: mwenye kontra akiugua, anaendelea kupata theluthi mbili za mushahara wake. Hiyo si zawadi ya kapita. Na kinachotumwa zoni kwa hesabu ya kila wiki ni idadi. Orodha ya majina isitumiwe kumfukuzia mtu kazi.

Na ndugu zetu wachimbaji wa mkono? Wao wananunua vidonge kwa farmasi ya njiani, hakuna karatasi, hakuna anayewahesabu. Kooperative zao zikubaliane na reko wa mtaa: wakiona watu wengi wanakohoa pamoja na homa ndani ya shimo moja, habari ifike kituo cha afya siku ile ile.

Madelege, kwa mkutano unaokuja na mwajiri, msiongee posho na prime peke yake. Ulizeni hivi: wiki iliyopita, ni wangapi walifika dispensari na kikohozi pamoja na homa, na hesabu ilitumwa zoni siku gani? Jibu liandikwe ndani ya ripoti ya mkutano. Kama hakuna jibu, mrudi kuuliza wiki inayofuata, mpaka lipatikane.