Kikao kilimsahau kijana aliyepigwa

Mpwa wangu anaishi Kawangware. Alitoka hapa Mombasa kwenda Nairobi kutafuta kazi, na huko akaipenda raga. Mwaka jana nilipokwenda kumtembelea, Jumamosi nilifuatana naye uwanjani. Ilikuwa mechi ya timu za mitaani, wao wa Kawangware na vijana wa Kibera. Zikiwa zimebaki dakika chache, kijana mmoja wa Kibera alitoka mbio na mpira kando ya mstari. Mpwa wangu akamjia akiwa amesimama wima, mkono ukampata shingoni, ukapanda hadi kwenye taya. Kijana akaanguka kama gunia. Refa hakusita, akatoa kadi nyekundu.

Siku nne baadaye mpwa wangu aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu ya mashindano yale. Akaniomba nimsindikize. "Mjomba, waambie sikukusudia," alinisihi njiani.

Kikao hakikufika hata dakika ishirini. Ripoti ya refa ilisomwa, nayo ilikuwa mistari minne. Mpwa wangu akasema hakukusudia. Wazee wa kamati wakanong'onezana, wakamfungia mechi mbili, tukaambiwa twende. Hakuna aliyeuliza kijana wa Kibera yuko katika hali gani. Jioni ile mpwa wangu alipompigia simu kumuomba radhi, alimkuta yuko kazini mjengoni. Alikuwa amerudi huko tangu Jumatatu, akibeba karai huku kichwa kikimgonga.

Siandiki haya kumtetea mpwa wangu. Alikosa, na nilimwambia hivyo. Naandika kwa sababu kikao kile kilishughulikia swali lisilo muhimu na kuliacha lililo muhimu.

Anayeijua Ngong Road anajua kwamba raga na mitaa hii ni majirani. Uwanja wa RFUEA wanakochezea Kenya Harlequin, uwanja wa Impala na ule wa Nondescripts pale Jamhuri, vyote viko kando ya barabara hiyo au karibu nayo. Kibera iko upande huu, Kawangware upande ule. Vijana wa mitaa hii huenda viwanjani kwa miguu, wakaona, wakaiga, kisha wakaanzisha timu zao. Lakini wanapoiga mchezo wa wakubwa, ulinzi wa wakubwa hawaupati. Hawana daktari wala kamera, na kikao chao hakijui kiulize nini.

Tuanze na lile neno "sikukusudia". Kanuni ya 9.13 ya raga ya dunia inakataza kumkaba mtu juu ya mstari wa mabega, hata kama mkono ulianzia chini ukateleza kupanda. Nia si kigezo cha kwanza. Tangu 2021 waamuzi wanafuata mtiririko wa maswali manne. Je, kichwa kimeguswa? Je, mkabaji alifanya kosa? Je, hatari ilikuwa kubwa au ndogo? Je, kuna jambo la kumpunguzia lawama, kwa mfano mwenye mpira alijiinamisha ghafla? Kwa mpwa wangu majibu yalikuwa wazi. Kichwa kiliguswa, kosa lilikuwapo, kasi ilikuwa kubwa, na yule kijana hakuinama.

Adhabu nayo ina ngazi zake. Kwa kukaba juu, ngazi ya chini ni wiki 2, ya kati ni wiki 6, ya juu ni wiki 10 na zaidi. Kichwa kikiguswa, hesabu huanzia ngazi ya kati. Mchezaji akikiri mapema na rekodi yake ikiwa safi, adhabu inaweza kupunguzwa hadi nusu. Kwa hesabu hiyo, mpwa wangu alistahili kukaa nje wiki tatu hivi hata baada ya kuhurumiwa. Mechi mbili alizopewa zilitoka wapi? Hatukuelezwa, na yeye mwenyewe mpaka leo hajui.

Kuna atakayesema haya ni mambo ya Wazungu wenye kamera kumi uwanjani. Lakini hata wao huteleza. Agosti 12, 2023, Owen Farrell wa Uingereza alimpiga kwa bega kichwani mchezaji wa Wales pale Twickenham, akatolewa kwa kadi nyekundu. Siku tatu baadaye kamati ikamsafisha kabisa. Shirika la raga duniani likakata rufaa, na tarehe 22 mwezi huohuo akafungiwa mechi nne. Video ilikuwa ileile moja, uamuzi ukawa miwili. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na ngazi ya kurekebisha kosa, na sababu ziliandikwa.

Kwenye raga ya wachezaji 13, inayopendwa sana Australia, kamati ya kukagua mechi hupanga kosa kwa daraja kabla ya kikao. Mchezaji huliona shtaka lake, kisha huchagua kukiri au kupinga. Agosti 2021 Latrell Mitchell alimvunja Joseph Manu mfupa wa shavu kwa kukaba juu. Alifungiwa mechi 6, msimu wake ukaishia hapo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wachezaji wetu wengi hawalijui. Utafiti wa shirika la raga duniani ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya majeraha ya kichwa hutokea kwenye kukaba, na katika hayo, karibu robo tatu humpata mkabaji mwenyewe. Naam, anayekaba. Anayekuja wima analeta kichwa chake kwenye kichwa cha mwenzake. Kwa hiyo kanuni hii inamlinda pia mpwa wangu. Nilipomweleza hivyo alinyamaza kwa muda, kisha akasema hakuna kocha aliyewahi kumwambia.

Ndiyo maana naona adhabu peke yake haitoshi. Tangu 2021 raga ya dunia ina mpango ambao mchezaji hufunzwa upya namna ya kukaba, na mafunzo hayo yakachukua nafasi ya mechi ya mwisho ya adhabu yake. Hilo halihitaji pesa nyingi. Linahitaji kocha, uwanja na saa mbili za kufundisha kukunja magoti na kulenga kiuno.

Kwa mashindano ya mitaani napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila timu iteue mtu mmoja wa kurekodi mechi kwa simu, ili kikao kisitegemee mistari minne ya refa. Pili, uamuzi uandikwe pamoja na sababu zake, na mchezaji aambiwe wapi anaweza kukata rufaa. Katiba ya 2010 inampa kila Mkenya haki ya uamuzi wa haki, na uwanja wa vumbi haumnyang'anyi haki hiyo. Tatu, swali la kwanza la kikao liwe: aliyepigwa yuko wapi, na ameonwa na nani? Raga ina msemo wa kumtambua aliyeumia kichwa na kumtoa. Kumtoa uwanjani Jumamosi kisha kumwacha apande jukwaa la ujenzi Jumatatu si kumtoa.

Hapa kwetu vijana wanacheza pale Mombasa Sports Club, na kule Diani wako Pirates. Nyuma yao wako watoto wa mitaani wanaoiga kama wale wa Kibera. Wazazi wenzangu, mwanao akikwambia ameingia raga, usimuulize tu kama timu yake inashinda. Muulize nani amemfundisha kukaba.

Yule kijana wa Kibera hatimaye alikwenda zahanati, baada ya mpwa wangu kumfuata na kumlipia nauli. Aliambiwa apumzike. Alipumzika siku mbili, kwa sababu ya tatu ilikuwa siku ya kodi.