Kumfukuza mwanafunzi haiko dawa



Kila mwaka wa masomo hadithi ni ile ile. Direkteri wa disiplini anafungua mfuko wa mwanafunzi, anakuta kipande cha bangi ndani ya karatasi ya kayee, ao kichupa cha plastiki cha pombe kali, ao plaketi ya tramadol. Mzazi anaitwa. Anafika amechoka, ametoka shambani ao sokoni, anasimama mbele ya meza ya prefe kama vile yeye njo mkosaji. Anaambiwa: "Papa, mtoto wako anaharibu wengine. Beba makaratasi yake, umtafutie masomo ingine." Dakika kumi, kesi imekwisha. Shule imebaki safi.

Sisi tunaoishi naye ku kartie tunajua anaenda wapi. Siku mbili tatu eko nyumbani, anachapwa. Shule ya jirani inakataa kumpokea juu imeshasikia sababu ya kufukuzwa kwake. Wiki chache baadaye unamkuta ku parkingi ya motari, anaosha pikipiki za wengine ili apate chakula ya siku. Na pale ku parkingi bangi haifichwi tena ndani ya mfuko. Isitoshe, hapa kwetu kijana wa miaka 16 bila masomo na bila kazi, kuko watu wenye bunduki wanaomtafuta. Wale hawaulizi buletini. Kwa hiyo prefe hakumaliza tatizo. Alilitoa mahali penye walimu na kulipeleka mahali pasipo na mtu mkubwa yeyote wa kumwangalia yule mtoto, halafu akaandika ku raporti kwamba disiplini imerudi.

Katiba ya nchi yetu, kifungu cha 42, inasema Leta iko na lazima ya kulinda vijana na kila kitu kinachoharibu afya yao, elimu yao na kukomaa kwao. Haikuandika "isipokuwa wale wanaovuta". Na kifungu cha 41 kinasema mtu ambaye hajafikisha miaka 18 ni mtoto. Basi huyu tunayemwita muhuni, bandi, kadogo wa bangi, mbele ya sheria ni mtoto aliyekosa ulinzi.

Tujiulize pia wanachotafuta ndani ya hiyo moshi na hivyo vidonge. Mauaji ya raia katika eneo letu yalianza kuongezeka mwezi wa Oktoba 2014. Hesabu mwenyewe: mwanafunzi anayemaliza sekondari leo alikuwa mtoto mdogo sana wakati ule. Amekua akikimbia usiku na godoro kichwani. Kuko wenye walisomea ndani ya darasa ambalo usiku linalaliwa na wakimbizi. Kuko wenye walimzika baba na kesho yake wakaenda kufanya interogasio. Mkae nao, msihubiri, mulize tu kwa upole kwa nini wanavuta. Neno litakalorudi mara kwa mara ni usingizi. Wanataka kulala bila kusikia kelele. Tramadol ni dawa ya kutuliza maumivu makali, mwili unaizoea haraka, kidonge kimoja kinakuwa viwili, viwili vinakuwa vinne, na siku ikikosekana mtu anatetemeka kama mwenye malaria. Mtoto hakujua hayo wakati alipopewa cha kwanza bure.

Tusidanganyane lakini. Si kila anayekunywa ameona maiti. Wengine wanafuata wenzao, wengine wanakesha juu ya kusoma EXETAT na wamedanganywa kwamba kidonge kinaongeza akili, wengine ni wasichana wanaonunuliwa pombe na wanaume wenye umri wa baba zao, na sote tunajua ile pombe inanunuliwa kwa sababu gani. Njo maana dawa moja kwa wote haiwezekani. Kila mmoja eko na shida yake, na ili uijue lazima kuwe mtu wa kumsikiliza.

Mwezi wa Aprili 2021 wanafunzi wa mji huu walikaa ku meri, mchana na usiku, wakidai Rais aje na mauaji yaishe. Waliondolewa kwa nguvu. Tarehe 6 Mei 2021 tukapewa etat de siege. Askari waliongezwa, magavana wa kijeshi waliwekwa. Mtu wa kusikiliza wale watoto ku masomo yao, hakuna aliyemfikiria. Na bado leo hakuna.

Watajibu: kuko direkteri wa disiplini. Hapana. Mtu mwenye kushika fimbo na daftari ya wanaofukuzwa hawezi kuwa pia mtu wa kupokea siri. Ni mwanafunzi gani atakwenda kwake kusema "mwalimu, nimeanza kunywa na siwezi kuacha"? Atakuwa amejiandikia barua ya kufukuzwa kwa mkono wake. Na mwalimu wa kawaida? Eko na darasa limejaa, wengine hawajamekanizwe tangu miaka, wanaishi na prime ya wazazi, wanakimbia kutoka shule moja hadi ingine. Kumwongezea na mzigo wa kutibu roho za watoto ni kumuonea. Padri na mchungaji wanasaidia, tunawashukuru, lakini kijana mwingi anaogopa kwamba siri yake itasikika Jumapili ndani ya mahubiri, bila jina lake, na kanisa lote litajua ni nani.

Kuko tena ile desturi yetu ya sansibilizasio. Kila tarehe 26 Juni ni siku ya dunia ya kupinga madawa ya kulevya. Kitambaa kinatundikwa, wakubwa wanakuja na vipaza sauti, tunaambiwa bangi ni mbaya, inaleta wazimu, picha zinapigwa, soda inagawiwa, gari zinarudi. Lakini tangu miaka ya nyuma watu wamekwisha kupima kazi ya namna hii. Kule Marekani, tangu 1983, polisi wa Los Angeles walianza kuingia ndani ya madarasa kuwafundisha watoto hatari ya madawa, programu ikaenea nchi nzima, makuta mengi yakalipwa. Wachunguzi walipofuata wale watoto, hawakuona tofauti kubwa na wale wenye hawakupata mafunzo. Shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulika na madawa, pamoja na OMS, walitoa mwongozo wa kuzuia madawa, toleo la pili ni la 2018, na wanasema jambo hilo hilo: kutisha watoto na kuwapa habari peke yake haisaidii. Kinachosaidia ni kazi ya polepole, kila wiki, watoto wenyewe wakizungumza na kujizoeza: namna ya kumkatalia rafiki bila kumpoteza, namna ya kushika hasira, namna ya kuomba msaada. Na wazazi wakihusishwa.

Kwa bahati somo la Edukasio a la vi liko ndani ya programu yetu ya taifa. Saa iko, haitafutwi. Lakini linafundishwa namna gani? Mwalimu anaandika ku ubao, watoto wananakili, kisha kuko interogasio: "Taja hatari tano za madawa ya kulevya." Mtoto anapata kumi juu ya kumi na jioni anavuta.

Kinshasa nao walipata mshtuko wao mwaka 2021, wakati "bombé" ilipotokea, ule unga wenye kutoka ndani ya ekzosti za magari, unaochanganywa na vidonge. Vijana walionekana wamesimama barabarani, wameinama, kama wamelala na miguu wima. Nchi nzima iliogopa. Jibu lililoonekana haraka lilikuwa polisi kuwakamata na kuwaonyesha mbele ya kamera. Hatukusikia kwamba masomo ya Kinshasa yalipata washauri.

Sasa kuko watakaosema: mnayoomba ni mambo ya Wazungu, sisi hatuna watu wa kazi hiyo. Hapa njo tunakataa kabisa, juu Beni inajua vizuri kwamba watu wako. Ebola ilitangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018 na ikatangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020. Katika miaka hiyo miwili ripost ilikuwa na kitengo kizima cha msaada wa kisaikolojia. Vijana wa hapa hapa waliajiriwa, wakafundishwa kukaa na mama aliyepoteza watoto, kurudisha mgonjwa aliyepona ndani ya familia iliyomwogopa, kunyamaza na kusikiliza. Walifanya kazi hiyo kwa kiswahili na kinande, ndani ya nyumba zetu. Ripost ilipofungwa, kila mtu alirudi kwake na atestasio yake. Kuwepo kwa makuta kulionyesha kwamba watu wako. Na kila mwaka zile ISP zetu, pamoja na fakilte ya saikolojia ya Chuo Kikuu cha Kisangani, zinatoa wengine wenye diploma. Wako wapi? Wanauza uniti za simu.

Tunachodai haiko mlima. Kwa mwanzo, mshauri mmoja kwa shule tatu ao ine zilizo karibu, mwenye siku zake zinazojulikana kwa kila shule, mwenye chumba kidogo chenye mlango unaofunga. Asiwe chini ya direkteri wa disiplini. Asiandike majina ku raporti ya prefe, isipokuwa maisha ya mtoto yako hatarini. Afanye saa ya Edukasio a la vi pamoja na mwalimu, juu mtoto atamzoea pale darasani kabla ya kwenda kugonga mlango wake. Na ajue hospitali gani ya kumpeleka yule ambaye mwili umeshazoea kabisa, maana kwa huyo maneno peke yake hayatoshi. Goma kuko Tulizo Letu, Bukavu kuko Sosame, lakini kwa hali ya barabara na vita familia ngapi za hapa zitafika? Basi angalau muganga mmoja wa hospitali kuu afundishwe na apewe dawa zinazohitajika.

Nani atalipa? Hapa tufungue macho. Tunazijua shule zetu: ukisema mshauri, kesho kutatokea "frais ya mshauri" juu ya minervali. Bure iliyoanza 2019 ni ya msingi tu, sekondari mzazi bado analipa kila kitu, na mtoto wa maskini ndiye atafukuzwa tena, safari hii juu hakulipa makuta ya kuzuia asifukuzwe. Hapana. Mshauri amekanizwe na Leta kama mwalimu, alipwe ku banki kama mwalimu. Wakati tunangojea Kinshasa, koordinasio za Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu na Waislamu, wenye kusimamia sehemu kubwa ya shule zetu, zinaweza kuanza na shule chache ndani ya mji. Hawahitaji arete ya waziri ili kumweka mtu mmoja mwenye diploma ya saikolojia ndani ya chumba.

Na wauzaji? Farmasi inayouza tramadol kwa mtoto mwenye uniforme bila ordonansi inajulikana. Butiki yenye vichupa mbele ya lango la shule inajulikana, na mtu wa taksi anapita pale kila mwezi, anachukua yake, anaenda. Bwana meri asituambie anafanya uchunguzi. Hatusemi zaidi juu ya hilo leo, ila wazazi pia mkumbuke ni nani anayemtuma mtoto wa miaka kumi kuleta chupa na kumwachia povu ya chini.

Tunajua woga wa walimu: "tukimbakisha huyu, atawaharibu wengine." Woga huo haiko wa bure. Tunatofautisha: anayeuza ndani ya shule ni kesi ingine, inahitaji wazazi, polisi wa watoto na hakimu wa watoto. Lakini anayevuta, anayekunywa, mara ya kwanza abaki. Mzazi aitwe, mshauri amfuate, akose resi kama kuko lazima, asikose darasa. Aliyekuja mwenyewe kusema asipewe adhabu yoyote, juu mmoja akiadhibiwa kwa kusema ukweli, wengine wote watanyamaza. Na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho asinyimwe EXETAT kwa sababu hiyo.

Septemba iko karibu. Mzazi, kwa mkutano wa kwanza wa COPA, kabla hamjaanza kuzungumza juu ya prime na bei ya uniforme, simama na umulize prefe mbele ya wote: mwaka uliopita mlifukuza watoto wangapi juu ya bangi na pombe, na leo wako wapi? Sekretere aandike jibu ndani ya prose-verbali, na utuletee kopi.