Mpinzani Si Adui

Mimi ni mwalimu wa isimu, si mwanasiasa. Kazi yangu ni kuyapima maneno. Neno linalonikera ni "adui". Mnamo Februari 2017, mwezi mmoja tu baada ya kuapishwa, Rais Donald Trump wa Marekani aliviita vyombo kadhaa vya habari adui wa wananchi. Katika kampeni za 2024 akazungumzia "adui wa ndani", akimtaja hata mbunge mpinzani wake, Adam Schiff.

Hapo ndipo penye hatari. Mpinzani hujibiwa kwa hoja; adui hupigwa. Januari 6, 2021, wafuasi wa Trump walilivamia jengo la Bunge ili kuzuia kuidhinishwa kwa ushindi wa Joe Biden. Aliporejea madarakani Januari 20, 2025, siku iyo hiyo aliwasamehe watu wapatao 1,500 waliohusishwa na uvamizi huo.

Upinzani nao ulifanya nini? Chama cha Democratic kilikuwa kimepoteza Ikulu, Seneti na Baraza la Wawakilishi. Seneta Cory Booker alihutubia kwa saa 25 na dakika 5, tangu Machi 31 hadi Aprili 1, 2025. Alisifiwa sana, ila hotuba hiyo haikubadili sheria yoyote. Oktoba mosi, wenzake waliunyima mswada wa fedha kura zao wakidai ruzuku ya bima ya afya iendelezwe. Shughuli za serikali zikasimama siku 43, watumishi wengi wakikosa mishahara. Hatimaye wanane wa kambi hiyo waliungana na Republican, na ruzuku haikupatikana.

Ilhali Novemba 4, wagombea wa chama hicho waliohubiri juu ya gharama ya maisha walishinda ugavana wa Virginia na New Jersey. Funzo ni dhahiri: kumlaani rais hakutoshi. Upinzani hupata nguvu unapomsikiliza mpiga kura, hata yule aliyempigia mshindani wake.

Walimu na wanafunzi, katika midahalo ya shule zetu kuna upande unaounga mkono hoja na upande unaopinga. Kengele ikilia, pande zote mbili huenda kupanga foleni moja ya githeri. Tukilinde kidesturi hicho. Taifa likikisahau, hata liwe kubwa kama Marekani, katiba peke yake haitaliokoa.