Kumtumaini Kristo si kukunja mikono

Wapo wanaosema kwamba kumtumaini Kristo wakati wa hatari ni kukunja mikono. Matendo ya Mitume sura ya 27 inaonyesha vingine. Meli iliyombeba Paulo kuelekea Roma ilipigwa na tufani siku 14, ikiwa na watu 276. Paulo alimtegemea Mungu, lakini pia aliwafichua mabaharia waliotaka kutoroka na mashua, akawahimiza wenzake wale wapate nguvu. Ngano ikatupwa baharini ili kuipunguzia meli uzito. Meli ilivunjika, watu wote wakafika pwani ya Malta.

Pingamizi zito ni jingine: mbona wengine huomba na bado huzama? Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, mamia walikufa, na hatuna sababu ya kudhani hawakuomba. Kumwambia mfiwa kwamba imani ya marehemu ilipungua ni ukatili. Kristo mwenyewe aliomba pale Gethsemane kikombe kimwepuke, na msalaba ukaja. Anachoahidi ni kuwa nasi, hata kaburini, alikotangulia akatoka. Basi tuvae maboya, tukatae chombo kilichojaa kupita kiasi, na hofu inayobaki tumkabidhi yeye.