Sheria iko wapi, kwenye kadi au kwenye prosesa?

Leo nalonga na wale wanaofunga seva za Linux kwa ajili ya project, ila wengine msikimbie, nitaenda taratibu.

Kuna mchezo umeshika kasi: unachukua kadi ya mtandao yenye milango miwili, unaiunganisha iwe bondi moja, waya mmoja ukikatika mwingine unabeba. Juu ya bondi unaweka sheria za tc: huyu apite, yule atupwe, wale wapunguziwe spidi. Kukagua kila pakiti kunachosha prosesa, kwa hiyo kadi nzuri zinaweza kuifanya kazi hiyo zenyewe. Safi kabisa.

Ninachokataa ni kuandika sheria bila kusema itekelezwe wapi. Ukiacha hivyo, keneli inajaribu kuishusha kwenye kadi. Kadi ikigoma, sheria inabaki kwenye softwea kimyakimya, hupewi hata kosa. Unajaribu na laptop mbili, kila kitu bomba! Siku watu mia tano wanafungua matokeo kwa pamoja ndiyo unakuta prosesa iko hoi na kadi uliyonunua kwa bei mbaya imekaa tu inakuangalia.

Na kwenye bondi kugoma ni rahisi zaidi. Bondi yenyewe haina chipu, ni kifaa cha kufikirika ndani ya keneli. Sheria ikiwekwa pale, lazima dreva ya kadi iliyo chini ijue kuidaka. Nyingi hazijui. Hata mlx5 ya kadi za ConnectX, ambayo inajua, inataka milango yote iwe ya kadi moja, na bondi iwe active-backup, balance-xor au 802.3ad. Ukileta balance-rr imekula kwako.

Kwa hiyo mimi nasema: washa hw-tc-offload kwa ethtool kwenye kila mlango, halafu andika skip_sw kwenye sheria. Kadi ikikataa, unapigwa kosa papo hapo ukiwa bado umekaa kwenye kiti, siyo usiku wa manane. Kisha piga tc -s filter show utafute in_hw. Usihangaike na tcpdump hapo. Pakiti iliyomalizwa na kadi haifiki kwenye keneli, utadhani mtandao umekufa, teh teh.

Jamaa yangu mmoja ananipinga: eti skip_sw ikikataliwa sheria haipo kabisa, na kama ilikuwa ya kuzuia wabaya, mlango uko wazi. Hapo ana hoja. Sheria za ulinzi ziache bila skip_sw, ila weka skripti ipige kelele ikiona not_in_hw.

Halafu kuna hili la vikomo vya spidi. Tangu 2018 keneli inakuruhusu kuweka blok moja ya sheria kwenye kadi mbili tofauti, na wengi wanaitumia chini ya bondi. Sasa fikiria: kila kadi inahesabu kivyake. Umeandika 100 Mbit/s, mteja anayepita kote kuwili anaweza kufika 200. Kwenye active-backup huoni shida, maana ni mlango mmoja tu unaofanya kazi. Kwenye 802.3ad inategemea swichi imegawaje mafuriko yake.

Haya, nawahi pindi la saa nane. Mwenye kadi ya aina nyingine maabara anitafute tuijaribu, waya ninazo.